Meneja wa Chumba cha Nyuma

"Mjane atafaa zaidi," alisema Trent Hadley, akikoroga kahawa ambayo hakuwa na nia ya kuinywa. "Mkulima si mbaya, mwalimu mstaafu naye si mbaya. Lakini mjane, Orrin, mjane wa kanisani mwenye sauti ya chini, huyo maseneta hawamwezi."

Orrin Vlasek alimtazama mkewe, Marlys. Walikuwa wamekaa watatu katika chumba cha nyuma cha yadi yao ya magari pale Milden, Nebraska, na nje theluji ya Februari ilikuwa imefunika magari mapya hata hujui lipi jekundu lipi jeusi. Siku tatu hakuwa ameingia mteja.

Hadley alitumwa na chama cha mawakala wa magari kutoka Lincoln, yaliko makao makuu ya jimbo. Sheria ya jimbo hilo ilikataza kiwanda kumuuzia mtu gari moja kwa moja. Gari lilipaswa kupitia kwa wakala kama Orrin, ambaye huongeza chake juu, hulitengeneza likiharibika, na hununulia watoto wa mji jezi za besiboli zenye jina lake mgongoni. Sasa kampuni mpya ya magari ya umeme ilikuwa imejipatia seneta wa kuleta mswada wa kuipigania. Ilitaka iuze yenyewe, kwa simu, bei moja kwa watu wote, wakala akae kando.

"Hao wakifunguliwa mlango, na kiwanda chako kitapita humo humo," Hadley alisema. "Kitajiuliza, kwa nini tuendelee kumlisha Orrin?"

"Yadi hii aliianzisha baba yangu," alisema Orrin.

"Hilo hilo ukaliseme kwenye kamati itakayoujadili mswada. Wewe useme baba yako, mjane aseme wewe ulivyomtendea. Unaye?"

"Ninaye," Orrin alijibu, hata hakufikiri. "Alvina Kucera. Oktoba alinunua kwetu gari dogo. Anatupenda sana."

Marlys aliweka kikombe chake mezani. Alitaka kusema neno, akakohoa badala yake. Hadley alikwisha kusimama, anafunga koti, amefurahi kama mtu aliyepata alichotumwa sokoni.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo Milden nzima inalijua na hakuna anayelitaja. Ukienda kununua gari kwa Orrin, mtakaa, mtavutana bei, na ukishataja yako atashusha pumzi, atakuna kichwa, kisha atakwambia, "Ngoja nikamwone meneja." Atainuka na kwenda chumba cha nyuma. Wewe utabaki kwenye kiti unatazama kalenda. Na huko nyuma hakuna meneja. Orrin ndiye mwenye yadi, hana mkubwa juu yake ila Mungu na benki. Huko nyuma yuko Marlys, na mara nyingi kuna sandwichi. Orrin hula nusu, huuliza habari za chakula cha jioni, kisha hurudi na uso wa mtu aliyetoka kugombana. "Amekaza," atakwambia, "lakini nimekupigania."

Baba yake alifanya hivyo hivyo, na mawakala wa miji ya jirani hufanya hivyo hivyo. Nyumbani kwa akina Vlasek lilikuwa neno la utani. Orrin akitaka kununua fimbo mpya ya kuvulia samaki husema, "Ngoja nimuulize meneja," na Marlys hujibu kutoka jikoni, "Meneja amekataa!"

Jumapili ile binti yao Joleen alikuja kula chakula cha mchana. Alikuwa muuguzi Omaha, na gari lake lilikuwa la umeme, la kampuni ile ile. Alilinunua kwa simu, akaenda kulichukua jimbo la jirani. Baba yake alitoka mlangoni akiwa na soksi tu miguuni, kabla hajamsalimu.

"Lipeleke nyuma ya gereji," alisema.

"Salama, Baba, na wewe hujambo?"

"Sijambo. Lipeleke nyuma ya gereji, Joleen. Watu wanatoka kanisani."

Alilipeleka. Waliketi mbele ya nyama ya nguruwe, kabichi chachu na madonge ya unga, na kwa kitambo walizungumza habari za baridi tu. Lakini Joleen hakulelewa kunyamaza.

"Mimi lile gari nililinunua nimelala kitandani kwangu," alisema. "Bei niliyoiona ndiyo niliyolipa. Dakika kumi. Hakuna aliyeniambia nisubiri."

"Na likiharibika utalilalamikia simu?" Orrin aliweka uma chini. "Kiwanda kilipokataa kumbadilishia Novak breki zilizotoka na kasoro, nani alipiga kelele wiki nzima mpaka wakakubali? Mimi. Simu ingempigia nani kelele? Mtu mnyonge akiwa peke yake mbele ya kiwanda, kiwanda humla mzima mzima. Wakala ndiye anayesimama katikati."

"Hilo kweli," Joleen alisema. "La Novak ulifanya vizuri, mji mzima unakusifu. Lakini, Baba, akiwa mnyonge mbele yako wewe, nani anasimama katikati?"

"Meneja," alisema Orrin, na wote wawili wakacheka, maana baba na binti hawa walikuwa hawajui kugombana kwa muda mrefu.

Marlys hakucheka. Alikusanya sahani kabla watu hawajamaliza kula. Orrin alimwuliza ana nini, akasema mgongo.

Haukuwa mgongo. Alikuwa anakumbuka siku ile ya Oktoba. Alvina alikuja wiki tatu baada ya kumzika mumewe, Emil. Pikapu la Emil lilikuwa refu, hakuweza kulipanda, akataka gari dogo la kumfikisha kanisani na kliniki. Alikaa kwenye kile kiti na mkoba magotini, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Orrin aliingia chumba cha nyuma mara tatu. Mara ya tatu alikaa sana, kwa sababu aliona huruma.

"Nimshushie elfu moja," alisema siku ile. "Emil alikuwa akija na trekta lake kutusafishia theluji kila mwaka, na hakuwahi kupokea hata senti."

Na Marlys, bila kuinua macho kwenye sandwichi yake, alisema, "Usimshushie. Ana pesa za bima ya Emil." Aliongeza, "Hata hajui bei ya gari."

Orrin alicheka kidogo, cheko la aibu. Akatoka, akapunguza dola mia mbili, akasema amepigana.

Ingekuwa heri yaishie hapo. Lakini bei ikishakubaliwa, mteja huletwa kwa Marlys kutia saini, na hapo ndipo faida yenyewe ilipo. Marlys alimuuzia Alvina dawa ya kukinga rangi, dhamana ya ziada, kinga ya magurudumu na kinga ya viti, vyote kwa gari la kwenda kanisani, karibu dola elfu nne. Alvina aliuliza, "Vyote hivi nitavihitaji kweli?" Marlys alimshika mkono akasema, "Ungekuwa mama yangu, ningekwambia uvichukue." Alvina alitia saini pale pale.

Wiki ile Orrin na Marlys walikwenda kwa Alvina, wakamkuta jikoni amevaa koti. Si koti la ndani, la nje, lenye kofia ya manyoya, na ndani ya koti ana aproni. Tanuri lilikuwa wazi linampasha miguu.

"Kaeni karibu na tanuri," alisema. "Vyumba vya juu na sebule nimevifunga, nimezima joto. Mimi peke yangu navifanyia nini? Ni kupasha moto kuta tu."

"Gesi imepanda sana," alisema Orrin.

"Imepanda, mwanangu. Imepanda kweli." Aliwawekea kolachi, vimkate vya Kicheki vyenye jamu ya plamu katikati, vya moto. "Kuleni. Marlys, umekonda."

Marlys alikula. Alipiga hesabu ambayo hakutaka kuipiga, akaona kwamba ile dawa ya rangi na ile kinga ya viti zingepasha moto nyumba hii mpaka maua yachanue nje.

Orrin alieleza shida yao. Alieleza vizuri, bila chumvi, akataja wafanyakazi kumi na mmoja wa yadi, na mmoja wao alikuwa mpwa wa Alvina. Bibi yule alisikiliza huku akifuta meza iliyokuwa safi.

"Niende Lincoln nikawaambie nini?"

"Ukweli tu," Orrin alisema. "Jinsi ulivyohudumiwa."

Marlys alipata nafasi. "Si lazima, Alvina. Baridi hii, safari ndefu, na wewe na magoti yako..."

"Aa, magoti yangu nayajua mimi." Alvina alimkata. "Emil alipokuwa hospitali, nani alileta supu? Wewe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nitakwenda."

Supu aliileta kweli. Marlys alitamani asingeileta.

Kule Lincoln, chumba cha kamati kilikuwa na joto kupita kiasi, na Alvina alivua koti kwa raha kabisa. Kila mtu aliyetaka kusema alipewa dakika tatu. Taa ya kijani ikiwaka unaanza, ya njano unaharakisha, nyekundu unanyamaza. Walioupenda mswada walitangulia. Kijana mmoja wa kampuni ya umeme alisema mawakala ni kupe mgongoni mwa ng'ombe. Mama mmoja alisimulia kwamba wakala mmoja alificha ufunguo wa gari lake la zamani ili asiweze kuondoka. Watu waliguna. Mwamba ngoma huvutia kwake, na waliofuata walikuwa mawakala, wakasema kiwanda ni mamba.

Orrin alisema vizuri. Alitaja baba yake, breki za Novak, na jezi. "Mimi na mke wangu ndio wenye yadi," alisema. "Ukiwa na shida, unajua mlango wetu." Kisha akaitwa Alvina. Alikaa kwenye kiti na mkoba magotini, kama alivyokaa siku ile, na Marlys alipouona mkoba ule alitazama viatu vyake.

"Mimi sijui mambo ya sheria," Alvina alianza. "Mume wangu alifariki mwezi wa tisa. Maisha yangu yote sikuwahi kununua gari, alinunua yeye. Sasa na mimi ikabidi. Nilikwenda kwa Orrin kwa sababu namjua. Nilitaja bei yangu, akaniacha nimekaa, akaenda kwa meneja kunipigania. Akarudi. Akaenda tena. Mara tatu alikwenda, na mara ya tatu alikaa sana. Simu ina mambo mengi, mjukuu wangu ananionyesha, lakini simu haiwezi kuinuka kwenda kumpigania mtu. Ni hayo tu."

Taa ilikuwa bado ya kijani. Wazee wawili kwenye meza ya kamati walikuwa wanatikisa vichwa kwa huruma. Lakini Seneta Bostwick, yule mwenye mswada, mwanamke mkavu mwenye miwani puani, alivuta kipaza sauti.

"Bi Kucera, pole sana kwa msiba. Swali moja dogo. Bwana Vlasek ametuambia sasa hivi kwamba yeye na mkewe ndio wenye yadi. Huyo meneja aliyekwenda kumwona ni nani?"

Hadley aliacha kuandika ujumbe kwenye simu. Orrin alikuwa anazungusha kofia mikononi, na masikio yake yalikuwa mekundu. Kila wakala aliyekuwa mle ndani alijua swali lile limekusudia nini, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Alvina hakugeuka nyuma. "Ni mtu mmoja mgumu wa kutoa pesa," alisema. "Lakini mwisho hulainika."

Watu walicheka kidogo. Seneta hakucheka.

"Jina lake?"

"Mwanangu," Alvina alisema kwa upole, "sisi Milden hatutaji majina ya watu mbele ya kipaza sauti bila kuwauliza kwanza."

Hapo walicheka wote, hata mwenyekiti, akamshukuru bibi kwa kusafiri katika baridi. Marlys naye alijikuta amecheka, na kicheko chake mwenyewe kilimchukiza.

Walikuwa wameshaacha taa za Lincoln nyuma, pande zote mabua ya mahindi yaliyokatwa yametokeza juu ya theluji, simu ya Orrin ilipoita kwenye spika ya gari. Alikuwa Hadley, anapiga kelele.

"Umekufa! Mswada umekufa, Orrin, wameukalia, hautoki kwenye kamati mwaka huu. Na yule bibi wenu, jamani! Dhahabu tupu! Mmemtoa wapi? Mwambie meneja namsalimu!"

"Bibi tuko naye hapa garini," Orrin alisema haraka.

"Oh," alisema Hadley. "Basi, hongera, mama." Akakata.

Orrin alipiga usukani kwa kiganja, furaha imemzidi, kisha akajizuia. Alvina alikuwa anacheka polepole kwenye kiti cha nyuma. Marlys alishindwa kuvumilia zaidi. Aligeuka mzima mzima, mkanda ukimkaba shingo.

"Alvina, hakuna meneja."

"Marlys," Orrin alisema.

"Hakuna, hajapata kuwapo. Chumba kile nilikuwamo mimi tu."

"Najua," alisema Alvina.

Orrin alipunguza mwendo, akamtazama Alvina kwenye kioo.

"Emil akirudi kutoka kwenu alikuwa akiniambia, leo Orrin alikuwa na njaa, amekwenda kwa meneja mara nne." Alijifuta jicho kwa kidole cha glavu. "Milden yote inajua. Mlidhani ni siri?"

Orrin aliangua kicheko, kicheko cha mtu aliyeondolewa jiwe kifuani. "Nne! Ilikuwa siku ya sandwichi ya ulimi wa ng'ombe, naikumbuka!" Walicheka wote wawili, naye Marlys akasikia nafuu inaanza kumwingia, kama maji ya moto miguuni.

"Lakini siku yangu ilikuwa tofauti," Alvina aliendelea, sasa anatazama dirishani. "Nilimwona Orrin uso wake alipoingia ile mara ya tatu. Akakaa, akakaa. Nikasema moyoni, hawali hao. Wanaulizana wanisaidieje. Wanamkumbuka Emil na trekta lake. Nilikaa pale kwenye kile kiti, na tangu mazishi ilikuwa mara ya kwanza sijioni peke yangu. Ndiyo maana nilitia saini bila kusoma, na ndiyo maana leo nimesema vile. Haukuwa uongo mkubwa. Mle ndani mlikuwa wawili, nikasema mmoja."

"Ndivyo ilivyokuwa, Alvina," alisema Orrin. Alisema upesi mno, macho barabarani.

"Nilijua," alisema Alvina.

Marlys aligeuka akatazama mbele. Alichokiungama kilikuwa hakina uzito wowote, kila mtu alikwisha kukijua, na chenye uzito alikuwa bado hajakisema. Orrin aliweka mkono juu ya goti lake, akalibonyeza. Ulikuwa mkono wa kumtuliza, na pia wa kumnyamazisha.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama walipofika kwa Alvina. Marlys alimshika mkono kumvusha barafu ya kibarazani. Alvina alifungua mlango, na baridi ya ndani ikawapiga usoni, kali kuliko ya nje.

"Alvina, ngoja."

"Utaganda hapa, mama. Nenda kwa mumeo."

"Siku ile Orrin alitaka kukushushia elfu moja. Mimi nilimkataza. Nilimwambia una pesa za bima ya Emil. Nilimwambia hujui bei ya gari." Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, na machozi nayo. "Na vile vingine nilivyokuuzia mimi, hukuhitaji hata kimoja. Pesa zake nitakurudishia zote. Kesho asubuhi nitakuletea hundi."

Alvina alisimama na ufunguo mkononi. Hakuonekana kukasirika. Alionekana mzee, na kule Lincoln hakuonekana hivyo hata kidogo.

"Yeye alisemaje?" aliuliza. "Ulipomwambia hivyo."

"Alicheka."

Alvina aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Kule nyuma Orrin alikuwa amewasha taa za gari kuwamulikia. Marlys alisubiri atukanwe. Alilitaka tusi lile, alikuwa amelipanga kabisa atakavyolipokea, na baada yake angeweza kulala.

"Sasa wewe umepumua," Alvina alisema.

"Nisamehe."

"Hundi leta, gesi ni ghali." Aliingia, akashika mlango kwa ndani. "Lakini umechukua pesa, na ushahidi wangu mmechukua. Kile nilichokifikiria kwenye kiti pale, hicho ungeniachia, Marlys."

Akafunga mlango taratibu.